Visiwa Vyetu Tuwaachie Wageni?

Kila ifikapo likizo ya Disemba, mji wa Lamu hufurika watu. Wageni kutoka bara na kutoka Ulaya hukodi mashua kwa siku mbili tatu, wakatweka tanga, wakaizunguka Manda, wakafika Pate hata Kiwayu, kisha wakarudi makwao na mengi ya kusimulia. Lakini muulize mtoto wetu wa Mombasa au Malindi, au hata wa papo hapo Langoni: "Mwanangu, Siyu umepata kufika?" Atakutazama kana kwamba umemtajia mji wa Bara Hindi.

Jambo hili, ndugu wasomaji, si dogo. Watoto hawa husomeshwa shuleni habari za Mwana Kupona binti Mshamu na utendi aliomtungia binti yake. Wangapi wamepelekwa wakaiona Pate, au wakakanyaga Siyu, mji uliotawaliwa na mumewe, Bwana Mataka? Tunawataka waipende lugha na asili yao, na mahali ambapo lugha hiyo ilikomaa hatuwaonyeshi. Mwacha asili ni mtumwa. Na asiyeonyeshwa asili yake ataishikaje?

Yaliyoko huko si haba. Ng'ambo ya Lamu tu, katika kisiwa cha Manda, iko Takwa na msikiti wake wa Ijumaa na kaburi lenye mnara. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na wazee husema watu wake walivuka wakakaa Shela. Pate kuna magofu ya majumba ya mawe, na tumbaku imelimwa baina ya kuta zake. Siyu kuna ngome, na ndiko mafundi walikonakili misahafu kwa mkono. Karibu yake ni Shanga, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale katika miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, wa kwanza wao wa karne ya 8. Mtoto akiyaona haya kwa macho yake, hatadanganywa tena na anayemwambia kuwa Uislamu na ustaarabu wa pwani hii ni mambo ya juzi.

Mtu atauliza: kwa nini tanga, na mtaboti upo? Mtaboti una manufaa yake. Mgonjwa hachukuliwi kwa tanga. Lakini aliyekwenda kwa mashini hufika tu, na aliyekwenda kwa tanga hujifunza njiani. Atajua kwa nini nahodha hungoja maji yajae kabla ya kupita Mkanda, baina ya Manda na bara, na kwamba maji yakimpwelea atakaa pale katikati ya mikoko mpaka yajae tena. Atajua kubisha ni nini, foromali ni ipi, demani ni kamba gani. Ataambiwa kuwa suheli, jina la kusini, ni jina la nyota. Maneno haya yamo katika kamusi, lakini uhai wake uko chomboni. Manahodha wanaoyajua ni watu wazima sasa, na mzee asiyeulizwa huondoka na elimu yake.

Wakati wa safari nao una hesabu yake. Likizo ya Aprili huja na masika, na ya Agosti huikuta kusi ingali na nguvu. Iliyobaki ni ya Novemba na Disemba, tangambili inapokwisha na kaskazi inapoanza. Kaskazi hutoka upande wa Pate kuja Lamu. Basi kwenda ni kubisha, na kurudi ni kwa upepo wa nyuma. Familia yenye watoto wadogo na ipite ndani, Mkanda hadi Mtangawanda, wala isikimbilie bahari kuu. Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa miguu, na watoto wataufurahia. Anayetaka kuendelea Kiwayu hadi Kiunga na aulize kwanza hali ya usalama kwa wanaohusika.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Bahari haishi zinge. Mwezi wa Agosti 2017, jamaa wa nyumba moja walipinduka na chombo katika bahari ya Lamu, na wengi wao wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kuomba dua ya safari ni wajibu wetu, na kufunga ngamia kabla ya kutawakali ni wajibu wetu pia. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi okozi, yaani lile limweleshalo mtu majini. Si kulikalia kama mto. Chombo kisijazwe kupita kiasi. Nahodha akisema leo hatutoki, basi hatutoki, hata kama mgeni wa harusi anangojwa Faza.

Wako watakaolalamika juu ya gharama. Kukodi mashua peke yako ni ghali, ni kweli. Lakini nyumba mbili tatu zikichanga, wakachukua wali wao na samaki wao, na wakalala kwa jamaa badala ya hoteli, mzigo hupungua. Na nani katika sisi hana shangazi au binamu Pate, Siyu au Faza? Kina mama nao wasiachwe nyumbani kwa kisingizio cha stara. Bibi zetu walisafiri kwa majahazi na stara yao haikuvunjika.

Walimu wa madrasa na wa shule, na vyama vyetu vya vijana, walishike jambo hili kabla likizo haijafika. Wageni hatuwakatazi, nao ni riziki ya mabaharia wetu. Lakini ni aibu mgeni aijue njia ya Siyu, na mwenye Siyu asiijue.