Panya Azuiwe Kabla ya Kuzaa

Mkazi wa Mchikichini anunuapo sumu ya panya hapo Kariakoo, huwaza panya wa nyumbani mwake. Lakini ipo hasara nyingine, iwezayo kupandisha hata bei ya unga wake. Hasara hiyo huanzia mashambani, katika ovari za panya shamba, *Mastomys natalensis*.

Panya huyu huzaa kwa kufuata mvua. Nyasi changa zichipuapo, homoni za tezi ya pituitari huziamsha ovari, mayai hupevuka, na mimba ya siku 23 hivi huleta watoto kumi au zaidi. Utafiti wa Morogoro uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mvua nyingi za Novemba na Desemba huashiria mlipuko wa panya.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimejaribu pia homoni za kutengenezwa, kwinestroli na levonojestreli, ambazo hupunguza uzazi wa panya hao. Sumu itegwayo baada ya mlipuko haiwamalizi wote, na wanaosalia huzaa wengine. Basi yafaa mkulima atende mapema. Shule yenye chombo cha kupimia mvua yaweza kumtahadharisha.