Vidonge vya Majira na Nyuso za Mabinti Zetu

Leo tunapenda kulisema jambo ambalo si kawaida kusemwa katika safu hii, na ambalo baadhi ya wasomaji wetu, hasa wazee wa Unguja na Pemba, huenda wakaona haya kulisoma mbele ya watoto. Jambo lenyewe ni matumizi ya vidonge vya kuzuia mimba, ambavyo wananchi wengi huviita vidonge vya majira, kwa ajili ya kutibu chunusi za usoni. Tunaomba tuvumiliwe. Tumelipima jambo hili na kuona kwamba kulinyamazia kunaleta hasara kubwa kuliko kulisema.

Kila mwaka vijana wa Visiwani huvuka bahari na kupanda hadi Arusha kutafuta elimu. Wapo wanaokwenda Chuo cha Uhasibu, wapo wa Chuo cha Ufundi, na wapo wanaopokelewa Tengeru katika Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Binti aliyelelewa katika joto la pwani, aliyezoea kupakwa liwa na bibi yake jioni, hujikuta mwezi wa Juni yupo chini ya Mlima Meru katika baridi asiyopata kuiona maishani mwake. Umri wake ndio ule ule ambao mwili hubadilika. Chunusi zikimtoka, jirani yake wa bwenini humpa ushauri wa siku nyingi: nenda dukani ukanunue majira, umeze, uso utakauka. Huenda, hununua, humeza. Likizo ikifika hufunga mzigo wake na kurudi nyumbani, na siku moja mama yake, akitafuta sindano ya kushonea, huikuta ile pakiti ndani ya mkoba.

Yanayofuata katika nyumba kama hiyo hatuna haja ya kuyaeleza. Msichana ambaye kosa lake ni kutaka uso safi huhukumiwa kwa jambo jingine kabisa, tena bila kuulizwa. Na hata akiulizwa, jibu lake huonekana la kubahatisha, kwa sababu nani aliwahi kusikia kwamba dawa ya uzazi hutibu uso?

Basi na tuanze hapo. Jibu lile ni la kweli. Chunusi hutokea pale tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi zinapotoa mafuta mengi kupita kiasi, vitundu vya ngozi vikaziba, na vijidudu vikastawi humo na kuleta uvimbe na usaha. Zinazoziamrisha tezi hizo ni homoni za jamii ya androjeni. Watu hudhani homoni hizo ni za wanaume peke yao, kumbe mwili wa mwanamke nao huzitengeneza kwa kiasi kidogo. Kidonge chenye mchanganyiko wa homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, hupunguza androjeni inayotoka katika ovari, na papo hapo huliamsha ini litengeneze kwa wingi protini ya kuzikamata androjeni zilizomo katika damu, ili zisiifikie ngozi zikiwa na nguvu. Mafuta hupungua, na chunusi hupungua.

Haya si maneno ya bwenini. Mwaka 2012 ulitolewa uchambuzi mkubwa ulioongozwa na mwanasayansi wa Kiafrika, Dk. Ayodele Arowojolu wa Ibadan, Nigeria, pamoja na wenzake. Walikusanya majaribio 31 yaliyohusu wanawake 12,579, na wakathibitisha kwamba vidonge vya mchanganyiko hupunguza chunusi, zile zenye uvimbe na zile zisizo na uvimbe. Na msomaji anayedhani kwamba dawa hii iliumbwa kwa ajili ya kuzuia mimba tu yafaa ajue historia yake. Huko Marekani kidonge cha kwanza cha namna hii, Enovid, kiliruhusiwa mwaka 1957 kwa ajili ya kutibu matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kukitumia kuzuia mimba ilikuja baadaye, mwaka 1960. Kilitangulia kuwa tiba, ndipo kikawa uzazi wa mpango.

Lakini pana umbali mkubwa kati ya dawa kuwa ya kweli na dawa kuchukuliwa ovyo, na hapa ndipo lawama yetu inapoanza.

Vidonge vya mchanganyiko vina hatari yake, na hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya mishipa. Hatutaki kuwatia watu hofu isiyo na kipimo, kwa hiyo tunataja hesabu. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, yapata wawili hupatwa na tatizo hilo kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye projestini ya levonojestreli, hesabu hiyo hupanda kufikia kati ya watano na saba. Kwa baadhi ya vidonge vipya vinavyosifiwa zaidi kwa urembo wa ngozi, vile vyenye drosperinoni, ni kati ya tisa na kumi na wawili. Ni hatari ndogo, na ujauzito wenyewe huleta kubwa zaidi ya hiyo. Hata hivyo haigawanywi sawasawa. Humwangukia zaidi mwenye shinikizo la damu, mwenye maumivu ya kichwa yanayotanguliwa na kuona vimulimuli machoni, mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35, na yule ambaye ndugu yake wa damu amewahi kupatwa na ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani limeweka wazi kwamba wengine kati ya hao wasipewe kabisa vidonge hivi. Mama anayenyonyesha mtoto aliye chini ya wiki sita naye hapaswi kuvigusa, na hadi miezi sita ni vyema atafutiwe njia nyingine.

Sasa tuulize: ni maduka mangapi ya dawa, kuanzia Kaloleni hadi Usa River, ambayo muuzaji humkalisha binti chini na kumpima presha kabla ya kumkabidhi pakiti? Ni wangapi huuliza habari za maumivu ya kichwa? Tunajua wapo wauzaji waangalifu, nao hatuwajumuishi. Lakini mteja mwenyewe, kwa kuona haya, hunong'ona, hulipa na kutoka mbio, na muuzaji naye hufurahi kwamba biashara imekwisha bila maneno. Mashine ya kupimia presha si kitu cha ajabu siku hizi, na kazi yake haimalizi dakika tano.

Lipo na kosa jingine ambalo limeenea kwa sababu hakuna aliyelieleza. Si kila dawa ya uzazi wa mpango inafaa chunusi. Vile vidonge vyenye homoni moja ya projestini, ambavyo hupewa kina mama wanaonyonyesha, pamoja na sindano ya miezi mitatu na vijiti vya kupandikiza mkononi, havina ile estrojeni inayofanya kazi tuliyoieleza, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Msichana aliyeambiwa tu kwamba "dawa za uzazi husafisha uso" aweza kuchoma sindano na kuharibikiwa zaidi, kisha akailaumu ngozi yake.

Na wapo, tunasikitika kusema, wanaovisaga vidonge na kuvichanganya na losheni wakajipaka. Kidonge kile kilitengenezwa kimezwe. Hakuna ushahidi kwamba kikipakwa usoni kinatibu chochote. Zaidi ya hayo, katika pakiti nyingi zinazotolewa nchini kwetu vidonge 21 ndivyo vyenye homoni, na vile saba vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma tu, vilivyowekwa ili mtumiaji asipoteze hesabu ya siku. Kwa hiyo yupo ndugu yetu ambaye kwa wiki nzima amekuwa akijipaka chuma usoni na kungoja urembo.

Afadhali huyo, maana chuma hakimchubui. Jirani yake amenunua mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, na zile zenye steroidi kali zinazouzwa kama vipodozi, zimepigwa marufuku, na bado zinapatikana. Steroidi hizo huutuliza uso kwa siku chache, kisha huleta chunusi za namna yake, mbaya kuliko zile za mwanzo. Hapa tunawageukia viongozi wahusika. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uliondolewa katika mamlaka ya dawa ukapelekwa Shirika la Viwango, na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Visiwani uko Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Sheria ina mantiki yake. Lakini binti mwenye chunusi haijui mipaka hiyo. Katika matembezi ya saa moja mjini Arusha hununua kidonge kinachosimamiwa na ofisi moja na krimu inayosimamiwa na nyingine, na kesho yake huvipandisha vyote katika boti ya kwenda Unguja, ambako ni ofisi ya tatu. Tungependa kujua ni lini mara ya mwisho ofisi hizo tatu zilikaa meza moja kuzungumza juu ya uso wa msichana huyo.

Utaalamu haupo mbali. Mjini Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Arusha, kipo katika Hospitali ya KCMC Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimewafundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wageni husafiri siku nyingi kuja kusoma hapo, na sisi tulio mlangoni tunamwendea muuza losheni sokoni. Mtaalamu wa ngozi angemweleza binti kwamba kidonge cha majira si dawa ya kwanza kwa kila chunusi. Zipo dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi, zipo antibiotiki kwa muda maalumu. Angemweleza kwamba kidonge huhitaji miezi mitatu au zaidi kabla ya matokeo kuonekana, maana wengi hukiacha mwezi wa pili wakidhani wamedanganywa. Angemuuliza kama hedhi yake hukatika na kama nywele zimeanza kumwota kidevuni, kwani dalili hizo zikiandamana na chunusi zaonyesha kasoro ya homoni inayotaka uchunguzi wake. Angemuuliza kama anatumia dawa ya kifua kikuu, kwa sababu rifampisini hukipunguza nguvu kidonge. Na kama chunusi ni zile kubwa zinazoacha makovu, zinazotaka isotretinoini, angemwonya kwamba dawa hiyo humlemaza mtoto aliye tumboni, na kwamba hapo kinga ya mimba huwa ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa mwanamke yeyote anayeweza kupata mimba.

Katika vituo vya serikali vidonge vya majira hutolewa bila malipo, na tangu mwongozo wa taifa wa mwaka 1994 hakuna anayepaswa kunyimwa huduma ya uzazi wa mpango kwa sababu hajaolewa au hajazaa. Lakini vidonge hivyo viko katika chumba cha uzazi wa mpango, na mwenye chunusi huelekezwa chumba kingine, ambako havipo. Ili avipate shurti apange foleni pamoja na kina mama wenye watoto mgongoni, huku jirani wa mtaani akimtazama. Anaona heri duka la dawa.

Mtu asiseme kwamba chunusi ni jambo dogo. Visiwani neno hilohilo ni jina la jini wa majini anayemvuta mwogeleaji akamzamisha, na wapo vijana ambao chunusi ya usoni imewazamisha vilevile, wakaacha kusimama mbele ya darasa na kuhudhuria arusi za ndugu zao. Watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanaelewa habari hizi. Floridi iliyo katika maji ya mlima wao huwatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na kijana hujifunza kucheka amefumba mdomo. Hata hivyo hakuna mzazi wa Meru aliyewahi kumshuku mwanawe tabia kwa sababu ya meno yake.

Hatumo katika safu hii kutoa fatwa, wala hatuwaambii wazazi waache kuwaangalia watoto wao. Tunaomba mambo machache tu. Waganga Wakuu wa Mikoa, wa Arusha na wa Visiwani, waagize kwamba anayekuja na chunusi ahudumiwe katika chumba kilekile alichoingia, na kidonge kimfuate huko ikiwa mganga ameona kinafaa. Maduka ya dawa yasitoe pakiti ya kwanza kabla ya kupima presha na kuuliza maswali yaliyopangwa. Na kila anayepewa apewe na kadi ndogo, iliyoandikwa kwa Kiswahili: jina la dawa, kipimo cha presha, tarehe ya kurudi, na mahali palipoandikwa sababu ya tiba. Pale mganga aandike neno moja kwa wino, "chunusi", na kadi hiyo ikae ndani ya mkoba pamoja na pakiti, mahali ambapo mama akitafuta sindano yake ataiona.