Laptopu yako haijazeeka, imebebeshwa mzigo tu

Vijana wenzangu, kuna ushauri unazunguka sana huku mtandaoni: ati ukitaka kuhariri video, kwanza utafute mashine ya laki moja. Mimi naupinga. Hapa Tseikuru laki moja ni mbuzi wengi, na kijana akiambiwa asubiri mpaka aifikishe, ni kama ameambiwa anyamaze.

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikubali Windows 11. Basi watu wanasema ni za kutupa. Za kutupa kivipi? Weka Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce, halafu ondoa mzigo.

Anza na picha. Zima kompozita, ile kazi ya kuchora vivuli vya madirisha. Ndani ya Kdenlive washa proksi: programu inakutengenezea nakala ndogo za video, unakata ukitumia hizo, kisha mwishoni inatoa kazi kwa video zako halisi. Ubora unabaki palepale.

Kwa sauti ndio wengi hupotoshwa. Wanaambiwa washushe bafa ya PipeWire, yaani kipande cha sauti kinachoshughulikiwa kwa mkupuo mmoja, mpaka 64 ndio isikike safi. Hebu piga hesabu. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ukigawa kwa 64, prosesa inaamshwa mara 750 kila sekunde. Ukiweka 1024, ni kama mara 47 tu. Bafa ndogo inamfaa anayepiga gita huku akijisikiliza papo hapo. Wewe unakata sauti ya susu akisimulia hadithi. Haikuongezei usafi wowote, inakula tu nguvu.

Na nguvu ni pesa, bana. Prosesa ikipumzika, betri inakaa. Anayechaji kwa sola anajua maana ya saa moja zaidi baada ya jua kutua.

Sisemi 4K itateleza, wala 3D nzito. Hizo zina mashine zake. Lakini hadithi za ukame, za soko na za ngoma zetu za Kikamba hazingoji 4K. Wazee wanaozijua wanatuacha mmoja mmoja. Kabla hujauliza bei ya mashine mpya, punguzia hiyo uliyo nayo mzigo, uende ukawarekodi.