DOHANI ZIMEZIBWA, MAKAA YAMEINGIA CHUMBANI. TUNAKATAA!



Tunajua mmekuja hapa ukutani kutazama bei ya viazi. Bei ipo karatasi ya kushoto. Lakini kabla hujaondoka soma na hii mpaka mwisho, na asiyeona vizuri asomewe na aliye karibu naye, maana jambo lenyewe ni la roho za watu. (Na yule aliyenyofoa kona ya toleo lililopita akawashie moto, safari hii angoje kwanza watu wasome.)

Mwezi wa saba uliopita, usiku ule ambao asubuhi yake tulikuta sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi, nyumba moja ya kitongoji cha juu haikufungua mlango. Jirani akagonga, kimya. Akagonga tena, akasikia mtoto anakoroma vibaya. Wakavunja mlango wakamkuta mama na watoto wawili hawawezi kusimama, wanatapika, kichwa kinapasuka. Wakavutwa nje kwenye hewa, wakapelekwa zahanati kwa pikipiki mbili. Wamepona, tunashukuru.

Sasa sikilizeni maneno yaliyozunguka kijijini wiki ile. Eti wamerogwa. Eti walikula ugali wa unga uliooza. Eti nyumba ile ina mambo yake tangu zamani. Jamani! Sisi tuliingia mle ndani. Katikati ya chumba kulikuwa na jiko la mkaa. Dirisha limeshindiliwa gunia ili baridi isiingie. Na ukutani, hatua tatu kutoka kitandani, kuna meko ya matofali na dohani yake, kazi safi ya marehemu baba mwenye nyumba, imezibwa kwa matofali mawili na lipu ya simenti juu yake, ikapakwa rangi. Kwa nini iliziba? Kwa sababu ilikuwa inarudisha moshi. Na kwa nini ilikuwa inarudisha moshi? Kwa sababu tangu mzee afariki hakuna mtu aliyeipitishia hata tawi la mti.

Huyo ndiye mchawi wetu. Uzembe.

Mkaa hautoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana tunauamini. Lakini unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, kumbe mwili haupati kitu. Kwanza kichwa kinauma, halafu usingizi mzito. Aliyelala hajui kama anakufa. Kuni nazo hutoa gesi hiyo hiyo, ila dohani inaipeleka juu. Ndiyo kazi ya dohani. Wazee hawakuijenga ili nyumba ipendeze kwenye picha.

Na wale wanaosema moshi wa kawaida hauna neno, tulikua nao, tumezeeka nao, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 ni zaidi ya 237,000. Umekua nao, sawa. Waulize waliozikwa.

Sasa tujibu hoja tunazozisikia kilabuni na kwenye mashine ya kusaga.

Hoja ya kwanza, eti moshi unahifadhi paa. Zamani ilikuwa kweli. Paa la nyasi lilipata moshi, wadudu wakakimbia, na mahindi ya darini hayakubunguliwa. Lakini wewe una paa la nyasi? Una bati. Masizi yakikutana na unyevu yanalila bati, na ndiyo maana mabati ya jikoni huoza kabla ya yale ya sebuleni. Kwa hiyo hoja hiyo ilikwisha siku tuliposhusha nyasi.

Hoja ya pili, gesi inakuja, dohani ni mambo ya kale. Ni kweli Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono, na mwenye uwezo wa mtungi apikie mtungi leo hii. Lakini huku kwetu nyanda za juu moto si wa kupikia tu. Nani ataota mtungi wa gesi usiku wa mwezi wa sita? Chai mtachemsha kwa gesi, halafu mtaenda kulala na jiko la mkaa. Tumeyaona tayari kwenye nyumba zenye mitungi.

Hoja ya tatu ndiyo inayotukera kuliko zote: simenti. Siku hizi mtu akiona ufa kwenye meko anamwita fundi, fundi anakuja na mfuko wa simenti, anapiga lipu nzito ndani ya meko, laini kama meza, anachukua hela yake anakwenda. Baada ya wiki tatu lipu inapasuka na kudondoka vipande vipande kwenye sufuria. Fundi anaitwa tena! Simenti iliyoganda ikipata joto kali inapoteza nguvu yake, na tena inatanuka kwa namna yake na tofali kwa namna yake, basi zinaachana. Wazee walijengea udongo wa kichuguu, ambao kadiri unavyochomwa ndivyo unavyokuwa kama tofali lenyewe. Tuliwaona washamba. Sasa nani mshamba?

Hatusemi simenti haina kazi. Juu ya bati, mvua inakopiga, udongo mtupu unaosheka, na pale panafaa chokaa na mchanga, kipimo 1 kwa 3, na simenti ifanye kofia ya kileleni. Lakini mahali moto unapolamba, ndani ya meko na kwenye koo la dohani, simenti isiingie. Fundi akikubishia mwambie aje asome hapa.

Na udongo wenyewe ni bure. Chukua wa kichuguu kilichohamwa, uponde, uchekeche, uloweke usiku kucha. Changanya na mchanga wa mto. Tusipangiane kipimo, maana kichuguu cha bondeni si sawa na cha mlimani. Finyanga donge kama la ugali, lianike mpaka likauke. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka ukiligusa, ongeza udongo. Halafu chokonoa viungo vya matofali kwa tindo mpaka kina cha sentimita 2, pangusa vumbi, lowesha tofali, ndipo ushindilie udongo mpya kwa mwiko. Tofali lisilolowa linanyonya maji ya udongo na kazi yote inadondoka. Tofali lililopasuka kabisa litoe, weka jingine. Kisha usiwashe moto wa harusi siku hiyo hiyo! Acha pakauke siku kadhaa, anza na moto wa vijiti, kesho yake uongeze kidogo.

Wengine wameziba dohani kwa sababu "imekufa". Dohani haifi ovyo. Ikirudisha moshi ina sababu, na sababu hutafutwa. Tumekuta kiota cha ndege. Tumekuta nyuki (hao wasubirini usiku, na mwite mrina asali, si kijana mwenye kiberiti). Tumekuta matofali ya ndani yameanguka yakakaa kooni. Tumekuta dohani fupi, iliyokatwa wakati wa kubadili bati ili kuokoa matofali kumi. Kilele chake kipande angalau sentimita 90 juu ya pale kinapotoboa bati, na kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, hata mgongo wa paa lenyewe. La sivyo upepo unaruka paa na kuusukuma moshi urudi ndani. Na tumekuta meko yenye mdomo mpana kama mlango wa zizi, juu yake tundu la kupitisha paka. Tundu la dohani linatakiwa lifikie kama sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko. Hapo dawa ni kupunguza mdomo kwa mistari miwili ya matofali. Kazi ya asubuhi moja!

Lakini kubwa kuliko yote ni masizi. Sisi huku tunachoma misindano na mikaratusi, tena mibichi, imekatwa juzi. Kuni mbichi zinatumia moto wake kukausha maji yake zenyewe, moshi unapanda ukiwa umepoa, na utomvu unaganda ukutani mwa dohani kama lami nyeusi. Lami hiyo inawaka. Siku ikiwaka utasikia ngurumo kama lori linapita juu ya paa, na joto lake linazidi nyuzi 1,000. Dohani yenye nyufa hapo ndipo inapotema moto kwenye kenchi. Kwa hiyo kenchi zisiguse dohani, ziache nafasi ya sentimita 5, na nyufa za juu ya dari ndizo za kuzibwa kwanza, ingawa hakuna mgeni atakayeziona. Mkitaka kuzijua, choma fungu la majani mabichi mekoni halafu mtu apande darini na tochi. Moshi utamwonyesha. Na ngurumo ikianza, watu wote nje, mdomo wa meko uzibwe kwa bati ili moto ukose hewa, mwingine akimbie kuita watu. Usimwage maji ndani ya dohani, matofali yenye moto yatapasuka yote.

Kusafisha si kazi ya fundi wa mjini. Kamba, jiwe zito, fungu la matawi magumu lililofungwa barabara, na watu wawili. Mmoja juu, mmoja chini, meko imefunikwa gunia lililoloweshwa. Masizi yakifika unene wa milimita 3 yamezidi. Kwetu tunasema mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi na baada yake. Na kuni zikatwe mapema, zipasuliwe, zipangwe chini ya bati, zikae miezi sita au zaidi.

Hapo hapo tunatoa onyo. Tumesikia kwamba mzazi mmoja alitaka kumtumbukiza mtoto wake dohanini kwa sababu ni mwembamba. Asithubutu! Uingereza walifanya hivyo miaka mingi, vijana wadogo wakitambaa ndani ya dohani, na mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba masizi yaliwaletea saratani. Kwa hiyo hata sisi wakubwa tufunge kitambaa puani na tuoge tukimaliza.

Tunasikia pia kwamba haya ni mambo ya akina mama, maana jiko ni lao. Ndiyo, moshi wanaunywa wao. Lakini nani alijenga? Nani ana ngazi? Nani alipitisha ile lipu ya rangi ili wageni wasione masizi? Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi wakasikiliza redio, wakatoka na majembe wakachimba vyoo, mwanamume na mwanamke. Hawakusema choo ni cha nani.

Na sisi tunaoandika tusijitoe. Ushirika una rundo la matofali nyuma ya ghala, yamebaki tangu tujenge ofisi, yanaota nyasi. Tumesikia kamati inataka kumwuzia mwenye lori. Tunapinga waziwazi, na tunaandika hapa ili isije ikasemwa tulinong'ona. Hela yake itakwisha kwenye posho ya vikao viwili. Matofali hayo yagawiwe kwa nyumba zenye dohani mbovu, kwa hesabu, na anayechukua alipe kwa siku za kazi kwenye nyumba ya mwenzake. Zianze nyumba za wajane na za wazee wanaoishi peke yao. Ndugu mmoja wa kamati ametujibu kwamba asiye mwanachama asiguse tofali. Tunamwuliza, mama yule wa kitongoji cha juu hana kadi, je, jirani angerudi mlangoni kwanza kuuliza kadi?

Mpaka hapo dohani zitakapopona, tunaomba jambo moja usiku wa leo: jiko la mkaa litoke nje kabla ya kulala. Hata lenye makaa machache. Hata kama mtoto analia baridi, mwongeze blanketi, mlale pamoja. Na mwenye meko nzima asizibe dohani kwa gunia kutunza joto wakati makaa bado mekundu, maana atakuwa amefanya yale yale ya jiko la chumbani.

Mkutano ni Jumamosi, saa 3 asubuhi, ghalani. Ajenda ya matofali ni ya kwanza, tumeiandika sisi, wasiifute. Njooni na tindo, nyundo, mwiko, chekeche, kamba na magunia, kwa kuwa tukishapiga kura tunatoka moja kwa moja kwenda nyumba ya kwanza. Mwenye ngazi ndefu tunamwomba aje nayo. Ya ushirika haifiki tena kwenye paa tangu ilipoazimwa ikarudi imekatwa miguu, na aliyeikata anajijua.