Usinunue rangi, soma numero ya shasi

Watu wa Likasi, Kambove, Mulungwishi na Fungurume tunajua vizuri biashara ya kitu ambacho macho peke hayawezi kupima. Mufuko wa minerai ukifika kwenye depo, munegosia haulizi nani aliuchimba ao jasho ngapi ilitoka. Anachukua Metorex, anaielekeza kwenye jiwe, anasoma teneri. Akisoma chini, unalipwa chini. Kila siku tunalalamika juu ya kipimo kile, na mara nyingi tuko na haki: mashini ni yake, kusoma ni yeye, bei ni yake. Lakini siku sisi wenyewe tunakuwa wanunuzi, hatupimi kitu.

Tuseme wazi: ni siku ya kununua motoka.

Kila familia ya mufanyakazi inajua hesabu ile. Dekonti finali imetoka; tununue kiwanja, tufungue duka, ao tutafute motoka ya kazi? Miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa "départ volontaire", na hesabu hiyo ilifanyika katika nyumba nyingi sana za Katanga. Leo inafanyika tena kila mara kontra inapoisha, ao karière inapolipa vizuri kidogo. Mutu anapelekwa kuona motoka ya zamani. Rangi inangaa, motere inawaka mara moja, muuzishaji anasema: "Papa, hii ni orijinali, hakuna kitu kimeguswa." Makuta inatoka. Karte roze inaangaliwa nyuma, wakati mwingine kisha wiki nzima.

Mawazo yangu ni haya: motoka haitambulishwe na rangi, wala na maneno ya muuzishaji. Inatambulishwa na numero iliyopigwa katika chuma chake, na kitabu cha kiwanda kilichoizaa. Mutu asiyelinganisha vile viwili hajanunua motoka, amenunua hadisi.

Matajiri wa dunia wamelielewa neno hili zamani. Ferrari 250 GTO, motoka iliyotengenezwa 36 tu toka 1962 mpaka 1964, moja yake iliuzishwa Marekani mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Kwa bei kama ile, unafikiri hakuna mutu wa kutengeneza ya uongo? Wako. Njo maana Ferrari ilifungua kazi inayoitwa Classiche, toka 2006: wanaangalia shasi, motere na jiabo, wanalinganisha na vitabu vya kiwanda, kisha wanatoa cheti. Kwa upande wa Wafaransa, l'Aventure Peugeot inachunga maandishi ya kiwanda na inaweza kutoa karatasi inayosema motoka ya numero fulani ilitoka kiwandani lini. Mutu wa dola milioni 48 anauliza "numero yake ni gani?" mbele ya kuuliza bei. Sisi wa dola elfu tatu, inne, tunaona haya kuinama chini ya motoka.

Utaniambia: "Sisi hatununui motoka ya maonyesho. Tunatafuta ya kubeba makala na mifuko." Ni kweli. Lakini angalia zinazotembea katika barabara ya Likasi kwenda Kolwezi: Land Cruiser na Land Rover za miaka mingi bado ziko kazini. Peugeot 404, iliyotoka 1960 na kushinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara inne (1963, 1966, 1967, 1968), na 504 iliyoifuata mwaka 1968, wazee wetu waliziheshimu sawa ng'ombe wa maziwa. Motoka ya umri ule imepita mikono mingi. Motere imebadilishwa, jiabo imetoka kwa motoka ingine, kabine imetoka kwa ya tatu. Hiyo siyo zambi. Mekanisie muzuri anaokoa motoka vile daktari anaokoa mutu. Zambi ni kubadilisha motere kisha kuuzisha kwa bei ya "orijinali", ao kusugua numero na tupa na kupiga ingine.

Basi, namna gani ya kupima? Si jambo la mainjinia tu.

Kwanza, chuma. Omba kuona numero yenyewe, ile iliyopigwa katika shasi, usitosheke na kibati kilichofungwa na visi, maana kibati kinaweza kuhama. Pitisha kidole. Kama pale tu kuna rangi mupya, ao chuma kimekatwa na kuunganishwa, ao herufi hazina mustari mumoja, simama. Uliza.

Pili, hesabu. Toka 1981, viwanda vingi vya dunia vinatumia numero ya alama 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, juu zinafanana na 1 na 0. Ukiziona ndani ya numero ya alama 17, kuna mutu aliyeandika kwa mukono wake. Lakini usimuhukumu mutu bure: motoka iliyotengenezwa kwa soko la Japani yenyewe iko na numero fupi, na ya mbele ya 1981 inafuata mutindo wa kiwanda chake.

Tatu, papiye. Numero ya chuma, ya karte roze na ya papiye za duane lazima zifanane, alama kwa alama. Alama moja ikikosea, haitoshi kuambiwa "ni kosa ya karani". Muuzishaji aende kuitengeneza yeye, mbele ya makuta kutoka.

Na kama anaomba bei kubwa juu ni "orijinali", alete ushuhuda wa kiwanda. Kama hana, motoka inaweza kuwa nzuri, lakini bei irudi ya motoka ya kazi.

Tuseme pia mupaka wa cheti. Cheti cha kiwanda kinaeleza kuzaliwa, hakielezi maisha. Hakisemi kama motoka iliibwa Afrika Kusini ao Zambia mbele ya kufika kwetu. Kwa hiyo kuna polisi, na Interpol iko na orodha ya motoka zilizoibwa katika inchi nyingi. Siku motoka yako inakamatwa kwenye bariere, aliyekuuzishia hayupo tena, na ni wewe unabaki kueleza.

Wengine wanasema mambo ya papiye ni ya watajiri. Mimi naona ni kinyume. Tajiri akipoteza motoka moja, anabaki na zingine. Mufanyakazi akipoteza ile moja, minerval ya batoto imekwenda, na dawa ya mama, na miaka makumi mbili ya chini ya udongo. Kipimo ni kwa mutu asiye na makuta ya kupoteza.

Naomba serikali jambo moja, halihitaji jengo mupya: munada yoyote wa Likasi aweze kwenda kwenye biro ya karte roze na kuuliza, mbele ya kulipa, kama numero hii na jina hili vinakubaliana. Mekanisie nao waandike katika karatasi yenye sahihi siku wanabadilisha motere, ili motoka ichunge historia yake. Na sisi wanunuzi, tuache haya. Muuzishaji wa kweli hakasiriki ukiinama na taa chini ya motoka yake. Akikasirika, amekwisha kukujibu. Rudisha makuta mufukoni, uende nyumbani.