Neno Chini ya Chakula

Ndugu Waislamu, mama zetu na dada zetu, juma hili tuzungumzie bakuli la udongo na kilichoandikwa ndani yake.

Katika karne ya 10, zama za dola ya Wasamani, wafinyanzi wa Nishapur nchini Iran na wa Samarkand waliupenda sana weupe wa vyombo vya Uchina, ilhali udongo wao ukichomwa hutoka mwekundu. Basi walikoroga udongo mweupe kwa maji hata ukawa kama uji mwepesi, wakalivika bakuli zima. Kisha wakaandika juu yake kwa khati ya Kufi, wakitumia uji mwingine wa udongo uliotiwa madini ya kuufanya mweusi. Mwisho walilipaka utando wa kioo wenye risasi, wakalitia tanurini. Hapo pana siri ya ufundi: rangi tupu chini ya kioo kile hutiririka motoni, bali rangi iliyochanganywa na udongo hushika pahala pake. Ndiyo maana maandishi yale yangali yasomeka baada ya miaka elfu moja.

Waliandika nini? Sahani moja, iliyomo leo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, yasema kuwa elimu mwanzo wake ni mchungu na mwisho wake ni mtamu kushinda asali. Nyingine husifu ukarimu, au humtakia baraka mwenye kula. Chakula kikipungua, nasaha hudhihiri.

Karne ya 11 na ya 12, mafundi wa Iran waliukwangua udongo ule mweupe kwa ncha kali hata rangi ya chini ikaonekana. Vigae vya vyombo vya namna hiyo vimefukuliwa hapa kwetu, Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na pia Kilwa. Wazee wa pwani hii walivijua vyombo hivyo.

Leo sahani zetu hazina neno, na watoto wanakula macho yakiwa kwenye simu. Neno sharti litoke vinywani mwetu. Lakini mzazi amkatazaye mwana kusengenya, kisha akasengenya sinia lingali mbele yake, amepaka rangi tupu. Nasaha isiyochanganywa na mwenendo haistahimili moto. Tuichanganye, ibaki.

Wabillahi tawfiq.