Muuza Midoli Asipewe Kalamu

Mtu apitaye mitaa ya biashara ya Busia, au asimamaye Malaba pale malori yanapongojea zamu ya kuvuka kwenda Uganda, aghalabu hukuta mabegi ya shule na saa za plastiki zenye sura ya Ben 10 zikinunuliwa kwa ajili ya watoto ambao pengine hawajaitazama katuni yenyewe hata mara moja.

Wengi hudhani kwamba katuni hutungwa kwanza, kisha biashara ikaifuata. Lakini huko Marekani, serikali ilipokwisha kulegeza masharti ya vipindi vya watoto, kampuni ya Hasbro ilitwaa midoli iliyokwisha kuundwa na Takara ya Japani, ikaagiza itungiwe majina, tabia na vita, na mwaka 1984 ikazaliwa katuni ya Transformers. Katika filamu ya mwaka 1986 shujaa Optimus Prime aliuawa, kwa sababu midoli ya zamani ilitakiwa kuipisha mipya madukani. Watoto wakalia, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 marehemu akafufuliwa.

Simlaumu mfanyabiashara kwa kutafuta riziki, maana miji yetu hii imesimama kwa biashara. Nimlaumupo ni pale anaposhika kalamu. Katika ngano zisimuliwazo na Wakhayo, Wasamia na Waiteso, sungura hunusurika kwa werevu wake na zimwi huangamizwa na ulafi wake, hata mtoto asikilizaye akatambua kwamba kila tendo lina malipo yake. Ilhali shujaa afaye kwa amri ya ghala na kufufuka kwa amri ya ghala hamwachii mtoto ibra yoyote.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba katuni ni ghali, na pasipo fedha za midoli haitengenezwi. Hoja hiyo ina uzito, walakini Ubongo ya Dar es Salaam, shirika lisilo la faida, limekuwa likitoa katuni ya Ubongo Kids tangu mwaka 2014, likifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Mdoli wa Akili, yule binti wa katuni zao, wa miaka minne, aishiye chini ya Kilimanjaro, ukiuzwa Busia, na uuzwe kwa heri, maadamu hadithi yake ilitangulia. Basi mzazi, kila aonapo shujaa mpya akiingia katika katuni ya mwanawe, na aulize: ameitwa na kisa, au ameletwa na duka?